Lakiri Inayovunjwa Bombani

Msomaji mmoja wa Kisumu ameniandikia kuhusu mama yake, mgonjwa wa kisukari, anayemeza metformini asubuhi na jioni kwa miaka sasa. Anaona pakiti zikiisha mwezi baada ya mwezi, naye anataka kujua dawa yote hiyo inaishia wapi. Mwili unaimaliza, au inatoka? Na kama inatoka, je, siyo hiyo inayotiririka hadi Ziwa Victoria?

Kwa metformini jibu ni fupi. Mwili hauibadilishi. Karibu nusu ya kidonge hunyonywa na utumbo, hufanya kazi yake kwenye ini, kisha figo huitoa na mkojo ikiwa vilevile ilivyomezwa. Nusu iliyobaki haiingii damuni kabisa, hutoka na kinyesi. Anayemeza gramu mbili kwa siku hutoa karibu gramu mbili kwa siku. Haishangazi basi kwamba watafiti walioongozwa na Chuo Kikuu cha York, Uingereza, walipopima mito 258 katika nchi 104 na kuchapisha matokeo mwaka 2022, walikuta metformini kwenye zaidi ya nusu ya vituo 1,052 walivyochotea maji, pamoja na kafeini na kabamazepini, dawa ya kifafa. Kwenye robo ya vituo hivyo, angalau dawa moja ilizidi kiwango kinachohesabiwa kuwa salama kwa viumbe wa majini. Miji iliyokutwa na mzigo mzito zaidi ni Lahore, La Paz na, hapa jirani, Addis Ababa.

Namshukuru msomaji wetu, na swali lake la ziwa nitalifikia. Ila metformini iliingia nzima ikatoka nzima, na hadithi yake mwilini haina zaidi ya hapo. Ningependa kwanza nimpeleke kwenye kundi jingine, la dawa ambazo mwili huzishughulikia kweli kweli: huzibadilisha, huzizima, na kuzitoa zikiwa hazina nguvu yoyote. Kisha zikishatoka, nguvu zao hurudi.

Nianze na kitendawili kilichowasumbua wapimaji. Mtu akipima kabamazepini kwenye majitaka yanayoingia kwenye mtambo wa kuyasafisha, kisha akapima maji yanayotoka upande wa pili, mara nyingi hukuta inayotoka ni nyingi kuliko iliyoingia. Jambo hili limeripotiwa katika nchi nyingi mno, haliwezi kuwa kosa la maabara moja. Tope limezama, bakteria wamekula uchafu, maji yamepigwa hewa kwa saa nyingi, na dawa imeongezeka. Hakuna aliyesimama katikati ya mtambo akimwaga vidonge. Imetoka wapi?

Imetoka kwenye ini la mgonjwa, saa au siku kadhaa kabla.

Dawa nyingi tunazomeza hupenda mafuta kuliko maji. Lazima ziwe hivyo, la sivyo zisingepenya kuta za seli, ambazo ni utando wa mafuta. Lakini sifa hiyohiyo huipa figo tabu: dawa ya aina hii ikichujwa kwenye figo, hupenya tena kuta za mirija na kurudi damuni. Ingekuwa juu ya figo peke yake, baadhi ya dawa zingezunguka mwilini kwa majuma. Ini ndilo linalokata mzunguko huo. Linachukua molekuli ya dawa na kuibandika molekuli nyingine iliyotengenezwa kutokana na sukari, yaani asidi ya glukuroniki, ambayo huvutwa na maji kwa nguvu sana. Baada ya hapo dawa haipenyi tena utando wa mafuta, na mara nyingi haikai tena kwenye kipokezi chake, kwa sababu kile kipande cha sukari kimeziba mahali iliposhikia. Kwa tendo moja ini limeizima dawa na kuipa njia ya kutoka. Figo ikiichuja, hairudi.

Tendo hili linahitaji jina la Kiswahili. Uunganishaji linaeleza vipande viwili vimeshikana, lakini halisemi kwamba kimoja kimekifunga kingine. Kupiga muhuri hakutoshi, maana muhuri huthibitisha tu, haufungi kitu. Mimi nitatumia kulakiri. Lakiri ni ile nta ya kufungia barua, na bandarini jina hilo limehamia kwenye kifungo cha mlango wa kontena. Nalichagua kwa sababu ya hicho kifungo cha bandarini, kwa kuwa sijaona mahali pengine ambapo kazi ya ini inafanyika waziwazi kiasi hicho.

Tazama kontena la transiti likishushwa Dar es Salaam kwenda Lubumbashi. Bidhaa zilizomo hazijalipiwa ushuru wa Tanzania, kwa hiyo hazitakiwi kuuzwa Tanzania. Afisa wa forodha hazichomi wala hazipunguzi. Anatia lakiri mlangoni, hati zinagongwa, lori linaondoka. Linapita Chalinze, linapita Morogoro, linapanda Kitonga, linalala Makambako, linafika Tunduma. Njia nzima bidhaa zimo ndani, kilo kwa kilo, lakini kwa soko la Tanzania ni kama hazipo. Mwenye duka wa Iringa anaweza kusimama mita moja kutoka kwenye lori na asiweze kununua hata pea moja ya viatu. Tunduma, ambayo kwa mwili ni figo, maofisa wanatazama lakiri, wanakuta ni nzima, wanaufungulia mzigo mpaka. Kwa hesabu za forodha ya Tanzania, kazi imekamilika na mzigo umetoka.

Sasa lori limevuka Nakonde, na huko mbele, mahali pasipo na afisa, mtu anavunja lakiri. Hapo hakutengenezwi kitu kipya. Viatu ni vilevile vilivyotoka bandarini, sasa vimetandazwa kwenye soko ambalo halikuvitarajia. Na fikiria mtu aliyetumwa kuhesabu viatu barabarani kwa kutazama vilivyo mezani tu, bila ruhusa ya kufungua makontena. Kabla ya mahali pale atahesabu pea 20. Baada ya pale atahesabu pea 2,000, na atarudi kusema kwamba porini kuna kiwanda cha viatu.

Huyo mhesabuji ndiye mpimaji wa kabamazepini. Mashine yake ilikuwa imeelekezwa kutafuta molekuli ya dawa ilivyo. Ile iliyolakiriwa ina uzito tofauti na tabia tofauti, ikampita bila kuandikwa. Upande wa pili wa mtambo, lakiri zikiwa zimevunjwa, akaiona yote.

Wakati mwingine lakiri huvunjwa kabla ya Tunduma. Ini lina njia mbili za kusafirisha mizigo yake: moja hupitia damuni hadi kwenye figo, nyingine hupitia nyongo hadi utumboni. Inayopita utumboni hukutana na wavunjaji humohumo mwilini, dawa hufunguliwa, hunyonywa tena, na kurudi kwenye ini kulakiriwa upya. Kuna dawa ya saratani ya utumbo mpana, irinotekani, ambayo umbo lake lenye nguvu hulakiriwa na ini likatolewa na nyongo. Bakteria wa utumboni hulifungua tena, na mgonjwa hupata kuhara kukali kunakotokana na sumu iliyokwisha kuzimwa mara moja.

Wavunjaji hao tunawafahamu. Aliye mashuhuri kuliko wote ni E. coli, bakteria wa utumbo wa kila mmoja wetu, ambaye hubeba kimeng'enya kiitwacho beta-glukuronidesi. Yeye hana haja na dawa. Anataka kile kipande cha sukari, maana kwake ni chakula, na anakikata pale pale kilipobandikwa, akaiacha dawa ielee. Tunamtupa pamoja na mkojo na kinyesi ndani ya bomba moja, na kabla majitaka hayajafika mtamboni ameshakuwa na saa nyingi za kazi. Mwaka 2003 watafiti wa Roma walifuatilia homoni za wanawake zilizolakiriwa kutoka kwenye mkojo hadi mtamboni, na wakakuta sehemu kubwa ya lakiri za glukuroniki imeshavunjwa ndani ya mabomba ya mji. Mtambo ulipokea homoni zilizokwisha kufunguliwa.

Kimeng'enya hichohicho ndicho wapimaji wa maji ya kunywa wanachotegemea kila siku. Mtaalamu anapotaka kujua kama kisima kimechanganyika na kinyesi, huweka sampuli kwenye chakula cha bakteria chenye kemikali iliyolakiriwa kwa glukuroniki, ambayo ikifunguliwa hung'aa buluu chini ya mwanga wa urujuanimno. Kukicha akiona ung'avu, anajua E. coli yumo. Ung'avu ule ni lakiri iliyovunjwa. Kila mara kisima kinapokutwa na E. coli, tunapata pia habari ambayo hatukuiuliza, kwamba mle kisimani yumo anayejua kufungua dawa.

Ini lina lakiri nyingine pia. Ya pili ni ya salfeti, na hii E. coli haiwezi vizuri, kwa hiyo homoni zilizolakiriwa kwa salfeti husafiri mbali zaidi zikiwa zimefungwa. Ya tatu ni ya asetili, nitaigusa nikifika Nairobi.

Kwanza homoni. Mwaka 1938, kwenye maabara za Schering mjini Berlin, Hans Herloff Inhoffen na Walter Hohlweg walikuwa wakitafuta estrojeni inayoweza kumezwa. Estradioli, ile ya asili, ikimezwa huharibiwa na ini kabla haijafika mbali. Ini huikamata kwenye kaboni namba 17, ambayo ina oksijeni na haidrojeni. Huondoa haidrojeni, kaboni na oksijeni zikafungana mara mbili, na homoni hupoteza sehemu kubwa ya nguvu. Kaboni ina vifungo vinne tu, hivyo bila kuondoa ile haidrojeni hakuna nafasi ya kifungo cha pili. Inhoffen na Hohlweg waliiondoa wenyewe, wakaweka mahali pake kaboni mbili zilizofungana mara tatu. Kipande hicho hakibanduki kirahisi, na ini likija kutafuta haidrojeni ya kuondoa, haipo. Hivyo ndivyo ethinilestradioli ilivyozaliwa, na mpaka leo ndiyo estrojeni ya sehemu kubwa ya vidonge vya majira duniani, kwa kipimo cha mikrogramu 20 hadi 35 kwa kidonge. Kila nikiitazama ile kaboni namba 17 nastaajabia jinsi badiliko dogo kiasi kile lilivyowapa mamilioni ya wanawake uwezo wa kupanga lini wazae.

Ini likishindwa kuiharibu hapo hubaki na njia nyingine, mojawapo kuilakiri. Inatoka ikiwa imefungwa, inafunguliwa bombani, na huko inakutana na bakteria ambao hula estradioli ya asili kwa kuanzia palepale kwenye kaboni namba 17. Nao hawakuti haidrojeni. Ulinzi uliowekwa dhidi ya ini la mwanamke unafanya kazi vilevile dhidi ya bakteria wa mtambo, ndiyo sababu ethinilestradioli hudumu majini kuliko ndugu yake wa asili.

Walioziona dalili za homoni majini kwanza walikuwa wavuvi wa ndoano. Mwishoni mwa miaka ya 1970, kwenye mto Lea kaskazini mwa London, walianza kuvua samaki waitwao roach, wa jamaa moja na ningu wa Ziwa Victoria, ambao hawakueleweka kama ni dume au jike. Miaka iliyofuata John Sumpter na wenzake walifungia samaki dume aina ya trout ndani ya vizimba chini ya mahali mitambo ya majitaka inapomwaga maji, kisha wakapima damu yao. Walikuta vitelojenini, na kwa wingi.

Vitelojenini ni protini ya kutengenezea kiini cha yai. Samaki jike huitengeneza kwenye ini pale estradioli inapotoka kwenye ovari na kuingia kwenye seli za ini. Homoni hushikana na kipokezi chake, vyote viwili huingia penye jeni na kutua juu ya jeni ya vitelojenini, na ini huanza kazi. Protini humwagwa damuni, husafiri hadi kwenye ovari, huingia ndani ya mayai. Dume ana jeni hiyo pia, kamili, na kipokezi anacho. Kinachokosekana ni amri tu, maana mwili wake hautoi estradioli ya kutosha. Amri ikija kutoka mtoni ini lake hutii. Huanza kutengeneza kiini cha mayai kwa mwili usio na yai hata moja. Protini haina pa kwenda, hujaa damuni, na ikizidi huumiza figo. Kwa vifaranga mambo ni mazito zaidi, kwani amri ikija wakati kende zinajengeka, ndani yake huota mayai. Mwaka 1998 timu ya Susan Jobling ilionyesha kuwa hali hiyo ya roach imeenea kwenye mito ya Uingereza.

Mwaka huohuo wa 1998 ilijulikana pia kilichokuwa kikitoa amri. Watafiti waligawa maji ya mitambo sehemu baada ya sehemu, wakaijaribu kila sehemu, hadi wakabaki na majina matatu: estradioli, estroni na, kwenye baadhi ya mitambo, ethinilestradioli. Mbili za kwanza ni za asili, zinatoka kwenye mkojo wa watu wote, hasa wanawake. Ugunduzi huo ulishangaza kwa sababu ilijulikana tangu zamani kwamba mtu hutoa homoni hizi zikiwa zimelakiriwa na hazina nguvu. Kutokana na mshangao huo watu walianza kuyatazama mabomba.

Jaribio lililomaliza ubishi lilifanywa Kanada. Kaskazini-magharibi mwa Ontario kuna eneo la maziwa madogo yaliyotengwa kwa utafiti tangu 1968, na moja linaitwa Ziwa 260. Kwa majira matatu ya joto, 2001 hadi 2003, Karen Kidd na wenzake walitia humo ethinilestradioli hadi maji yakawa na nanogramu 5 au 6 kwa lita. Kwa wanaotaka kukipima kiasi hicho, lita 5,000 za maji, yaani tenki kubwa la plastiki la nyumbani, zinahitaji mikrogramu 25, ambayo ni kidonge kimoja cha majira. Samaki wadogo wa ziwa hilo, wanaoishi miaka michache tu na kulingana na dagaa kwa umbo, walianza kuonyesha vitelojenini kwa madume karibu mara moja. Baada ya msimu wa pili vifaranga vilikosekana, na punde kundi lote likakaribia kwisha. Trout wakubwa waliowala wakapungua pia, kwa njaa. Dawa iliposimamishwa, baada ya miaka kadhaa samaki wadogo walirudi.

Hapa kwetu wanawake wengi hutumia sindano na vipandikizi, ambavyo havina ethinilestradioli, kwa hiyo sidhani kama hadithi ya mto Lea itajirudia Kisumu kwa umbo lilelile. Estrojeni za asili zipo popote penye watu, na mifugo nayo huzitoa.

Kinachoonekana zaidi kwenye mito yetu ni dawa za maambukizo. Uchunguzi wa bonde la Mto Nairobi uliochapishwa mwaka 2016 ulikuta dawa tatu za VVU, lamivudini, nevirapini na zidovudini, kwa maelfu ya nanogramu kwa lita. Viwango hivyo vinazidi vya mito mingi ya Ulaya, na sababu yake ni njema: watu wanapata matibabu. Pamoja nazo ilikuwamo sulfamethoksazoli, moja ya dawa mbili zilizomo kwenye kidonge ambacho kila mtu anakiita Septrin na ambacho watu wengi wanaoishi na VVU hukimeza kila siku kwa kinga. Hapa ndipo lakiri ya tatu inapoingia. Ini huifunga sehemu kubwa ya sulfamethoksazoli kwa asetili, ikatoka haiwezi kuua bakteria yeyote. Ndani ya majitaka asetili hubanduliwa, na dawa hupata tena uwezo wake wa kupigana na bakteria, safari hii mahali ambapo bakteria wako kwa mabilioni na hakuna mgonjwa wa kuponywa.

Jambo hili linanitia wasiwasi kuliko yote niliyoandika hapo juu. Mwaka 2011 watafiti wa Uppsala, Sweden, walionyesha kuwa bakteria sugu huwashinda wenzao kwenye kiwango cha antibiotiki kilicho chini, kwa baadhi ya dawa mara mia na zaidi, ya kile kinachoweza kuwazuia bakteria wa kawaida kukua. Hakuna anayeuawa. Wale wa kawaida wanachelewa kidogo tu kuzaana, na kizazi baada ya kizazi sugu wanajaza mahali. Viwanda vikimwaga moja kwa moja hali huwa mbaya zaidi. Kule Patancheru, karibu na Hyderabad, India, maji yaliyotoka kwenye mtambo unaohudumia viwanda vya dawa yalikutwa mwaka 2007 na siprofloksasini hadi miligramu 31 kwa lita, zaidi ya inayokuwamo damuni mwa mgonjwa anayetibiwa kwa dawa hiyo.

Kampala nayo imepimwa. Utafiti uliotoka mwaka 2020 ulikuta kabamazepini na sulfamethoksazoli kwenye mfereji wa Nakivubo na tena ziwani, kwenye ghuba ya Murchison, ambako ndiko mitambo ya Ggaba huchota maji ya jiji. Na Kisumu, kwa msomaji wangu, mabaki ya dawa yamekutwa kwenye visima vifupi vilivyo karibu na vyoo vya shimo. Choo cha shimo hakina bomba refu, lakini kina mkojo, kinyesi na muda, na E. coli hahitaji zaidi ya hapo.

Kuhusu kunywa, hesabu inatuliza. Tuseme maji yana nanogramu 5,000 za lamivudini kwa lita, kama Mto Nairobi wenyewe. Anayekunywa lita mbili kila siku atahitaji miaka 82 kukusanya kipimo cha siku moja cha mgonjwa, miligramu 300. Mto ule utamdhuru kwa kipindupindu mapema zaidi.

Ama kuhusu kuyasafisha maji, Uswisi ilianza mwaka 2016 kutekeleza sheria inayoitaka mitambo mia na zaidi iongezwe hatua ya ozoni au mkaa amilifu, ipunguze dawa kwa asilimia 80. Ozoni hushambulia vifungo maradufu vya kaboni, na kabamazepini, ambayo bakteria wameshindwa nayo karibu kabisa, hukatika kwa urahisi. Umoja wa Ulaya ulipitisha mwaka 2024 sheria inayowataka watengenezaji wa dawa na vipodozi walipe angalau asilimia 80 ya gharama za hatua kama hiyo, na baadhi ya makampuni yameipinga mahakamani. Naunga mkono sheria ile bila kusita. Anayepata faida ya kile kipande kisichobanduka kwenye kaboni namba 17 achangie gharama ya kukibandua.

Kwetu sioni haja ya kukimbilia ozoni wakati kaya nyingi za mijini hazijaunganishwa na bomba lolote. Mabwawa ya majitaka tuliyo nayo hutegemea jua na muda, na muda ndio tunaoupoteza: tope lisipoondolewa kina cha bwawa hupungua, maji hupita upesi, dawa zilizofunguliwa hufika mtoni kabla bakteria wengine hawajapata siku za kuzila. Kuondoa tope ni kazi inayojulikana na bei yake inajulikana. Ningeanza nayo.

Ningeanza pia na vipimo, kwa sababu takwimu nyingi za ufanisi wa mitambo zimeandikwa na yule mhesabuji wa viatu. Mtambo ukipokea dawa iliyofungwa na kutoa iliyofunguliwa utaonekana haufai, hata kama umeharibu nusu yake. Na mwingine unaopokea maji ya mji wenye mabomba marefu, ambako lakiri zilivunjwa njiani, utaonekana hodari bila kustahili. Maabara za kupima dawa michezoni zilikwisha kulimaliza tatizo hili: mkojo wa mkimbiaji kutoka Iten huongezwa beta-glukuronidesi ya E. coli kabla ya kutafutwa steroidi, ili kila kilichofungwa kifunguke kwanza. Kwa salfeti kuna utomvu wa tumbo la konokono wa Ulaya, Helix pomatia, wenye vimeng'enya vya lakiri zote mbili, unaouzwa tayari kwenye chupa. Sampuli huachwa nao usiku mmoja kwenye nyuzi 37. Sampuli mbili za mkondo mmoja, moja ikiwa imefunguliwa na nyingine ilivyo, zikichukuliwa penye kuingilia na penye kutokea kwenye mabwawa ya Dandora ya Nairobi, mtambo wa Kisat wa Kisumu na ule wa Bugolobi wa Kampala, zitatuonyesha ni upi unaoharibu dawa na ni upi unaozifungulia mlango tu.